Turubai Lenye Matundu Manne

Asubuhi ya Jumatano, kabla hajamaliza kufunga vifungo vya sare yake ya ulinzi, mume alimpa mkewe maagizo.

"Ukifika getini usiniite Baba Gumba. Pale kazini sina mke wala mtoto. Niite afande kama watu wote."

"Na nikisahau?"

"Usisahau."

Hakusahau. Saa tatu kamili fundi wa maturubai alisimama mbele ya geti la kituo cha mpira, kavaa gauni lake la kutokea, akasema, "Habari za kazi, afande." Mwanamume aliyelala naye kitanda kimoja kwa miaka kumi na minane akamjibu, "Nzuri, mama. Una shida gani?" Akamwambia ameitwa na Meneja. Mlinzi akampekua mkoba, akakuta mkasi, chaki na futi ya kupimia, vitu alivyokuwa akivikanyaga sakafuni kwake kila siku ya Mungu, akauliza ni vya nini.

"Vya kukatia watu masikio," alijibu fundi, na mlinzi akainamisha uso haraka ili mwenzake wa zamu asione kwamba anacheka.

Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi mpaka jua likasimama utosini. Karani alimwambia asubiri kidogo, kisha kidogo tena, kisha akaacha hata kumwambia. Watu waliokuja nyuma yake waliingia na kutoka. Mmoja alimuuliza kama yeye ndiye anayeleta chai. Fundi alijibu kwamba chai imeisha, labda kesho.

Aliloitiwa lilikuwa turubai. Alilishona mwenyewe kwa ajili ya bintiye, msichana wa miaka kumi na sita ambaye mtaa mzima ulimwita Gumba, kwa sababu alipoanza kucheza mpira alikuwa akiupiga kwa kidole gumba tu, nao ukienda popote unapojisikia. Madirisha ya majirani yalikoma. Mama mtu akatafuta bango kuukuu la tangazo la dawa ya meno, lenye picha ya mwanamke anayecheka, akalikata sawasawa na upana wa goli, akatoboa matundu manne kwenye pembe, mawili juu na mawili chini. Likishatundikwa, goli lote linazibwa isipokuwa matundu hayo. Ukilenga vizuri, mpira unapita. Usipolenga, unamgonga yule mwanamke meno. Kocha wa timu ya wasichana ya kituo alikuwa akipita zake, akaliona kichochoroni kwao, akaliazima kwa wiki mbili. Moyoni fundi alikuwa na hakika kwamba ameitwa kupewa oda.

Meneja alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa. Turubai lilitandazwa sakafuni mwake, na kiatu kimoja kilikuwa juu ya kidevu cha yule mwanamke.

"Hiki kitu umeshona wewe, mama?"

"Ndiyo, bosi. Na umekikanyaga."

Meneja alitazama chini, akaona ni kweli, wala hakuondoa mguu. Akaeleza kwamba Jumamosi kuna wageni wakubwa, watu wanaotaka kukisaidia kituo, na siku hiyohiyo ndiyo ya majaribio ya wasichana wanaotafuta nafasi kwenye timu. Anataka wageni waone kituo kina vifaa vyake, vilivyobuniwa na kituo chenyewe. Ashone mengine mapya. Matundu yapanuliwe. Na ile kamba iliyoshonewa ukingoni mwa matundu itolewe, kwa kuwa inarudisha mpira, na kwenye picha haipendezi. Akasukuma karatasi mezani. "Saini hapa chini, tuanze kazi."

Fundi alisoma taratibu, kwa sauti, huku akifuatisha mistari kwa kidole. "Inasema turubai limebuniwa na kituo."

"Hiyo ni lugha ya kiofisi tu."

"Inasema nisimshonee mtu mwingine yeyote."

"Lugha ya kiofisi, mama."

"Wala nisimfundishe mtu kushona la namna hii, maisha yangu yote."

"Mama, nina kazi nyingi."

"Hii lugha yenu ya kiofisi ina mdomo mpana," alisema fundi.

Meneja akacheka kidogo, akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye droo. Ilikuwa orodha ya majina. "Jina la binti yako nimelikuta humu. Kocha ndiye aliyeliandika. Sijalikata." Akaigeuza ili mama mtu alione jina la mwanawe kwa macho yake, kisha akairudisha kwenye droo. "Ijumaa nipate jibu. Mpe mumeo pale getini aniletee."

"Mume wangu?"

"Yule mlinzi. Unadhani siwajui watu wangu? Mtu mtiifu sana, mumeo. Mfano wa kuigwa."

Kumbe mchezo wote ule wa asubuhi, wa afande na mkoba kupekuliwa, ulikuwa wa bure. Mwanamke alitoka na karatasi yake, akauvuka uwanja mzima akiwa ameuma meno, akafika getini na kusimama katikati ya njia.

"Kwaheri ya kuonana, Baba Gumba!" alisema kwa sauti iliyomfikia mpaka muuza maji ng'ambo ya barabara. "Nimekupikia, usichelewe kurudi!"

Mwenzake wa zamu akageukia ukutani, mabega yakimcheza.

* * *

"Saini," alisema mume jioni ile, kabla hata hajavua buti. "Saini, mama, tulale salama. Kwani unatoa figo? Ni turubai lenye matundu."

"Kama ni turubai lenye matundu tu, mbona analitaka?"

"Analitaka kwa sababu ni bosi. Mabosi wanataka vitu. Ndiyo kazi yao."

Waliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya kibanda cha cherehani. Kitanda cha Gumba kilipakana na marobota ya maturubai ya malori, na nyumba nzima ilinuka nailoni na mafuta ya mashine. Mshahara wa mlinzi ndio uliokuwa wa uhakika pale, hakuna aliyehitaji kukumbushwa. Kazi ya cherehani ilikuja na mvua, wenye malori wanapokumbuka kwamba mizigo hulowa.

Gumba alikuwa amekaa chini akipaka viatu vyake vya mpira rangi nyeusi, mahali ambapo ngozi ilikuwa imeng'oka. "Mimi ningependa niulizwe," alisema.

"Wewe ni mtoto," alisema baba.

"Ndiye mwenye jina kwenye droo."

Msichana akaweka kiatu kando. "Mnabishana bure. Miezi mitano sasa napiga kila siku mpaka kifundo kinavimba, na nikihesabu mikwaju kumi, mitatu ndiyo inapita. Nikijitahidi sana, minne. Nikienda Jumamosi nitaaibika tu. Mama asiuze kazi yake kwa ajili ya mtu wa tatu kwa kumi."

Alisema hivyo bila kulia, na hilo ndilo lililomuumiza mama yake. Angelia, angemnyamazisha. Mwanamke alimtazama mtoto aliyemzaa, magoti yenye makovu, kucha moja ya mguu nyeusi tii, akaona kwamba yeye anaweza kumeza lolote, hata ile karatasi yenyewe, kuliko kumwona binti huyu akijidharau.

"Nitasaini," alisema. "Lakini si leo. Leo mkono umechoka."

* * *

Alhamisi mchana Kocha alifika kibandani akichechemea. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyewahi kucheza mpaka goti likamkatalia, na tangu hapo alitembea kana kwamba mguu mmoja ni wa kuazima. Hakukaa. Kwenye kiganja chake cha kushoto alikuwa ameandika namba kwa kalamu.

"Dada fundi, nakuomba uniambie ukweli. Yale matundu uliyapima kwa nini?"

"Kwa beseni."

"Beseni gani?"

Beseni likaletwa, lile la bluu la kufulia. Fundi akaeleza kwamba aliliweka juu ya turubai kifudifudi, akazungushia chaki, akakata. Aliona limetosha: mipira miwili ingekaa ndani bega kwa bega. Kocha akachukua futi, akapima mdomo wa beseni. Sentimita arobaini na tano. Akaonyesha kiganja chake. Kiliandikwa thelathini na moja.

"Hii nimepima jana kwenye turubai lako, tundu baada ya tundu. Yote manne ni thelathini na moja. Mpira unapita ukibakiza vidole viwili vitatu tu kila upande. Hizi nyingine zimekwenda wapi?"

Fundi alilitazama beseni. Akatazama mashine yake. Kisha akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mkanda!"

"Mkanda gani?"

"Mama yangu weee! Mkanda!" Akavuta turubai la lori lililokuwa mashineni, akamwonyesha ukingo wake. Fundi wa maturubai haachi ukingo mtupu, kwa sababu upepo wa barabarani utauchana siku hiyohiyo. Hushonea mkanda wa vidole vinne, uliokunjwa mara mbili na kutiwa kamba ndani. Amefanya hivyo tangu akiwa msichana, mikono inashona yenyewe hata akiwa anawaza mengine. Kwenye ukingo wa turubai, mkanda unaongeza. Kwenye tundu, mkanda unakula. Alikata matundu sawasawa na beseni, kisha akayashonea mkanda kwa ndani, vidole vinne huku na vinne huku, na hakuna aliyerudi kupima.

Gumba alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliiweka chini polepole.

"Yaani matundu ni madogo?"

"Mwanangu, nisamehe..."

"Miezi mitano!" Sauti ilimpanda. "Miezi mitano najilaumu! Nimeacha kulala mchana, nimeacha rafiki zangu, najiambia mguu wangu ni wa bandia, kumbe napiga kwenye tundu la sindano! Mama!"

"Wachezaji wangu wa timu ya kwanza," Kocha aliingilia, "wale unaowaogopa, wanapiga kumi na unapita mmoja. Wengine hata huo hakuna. Nilidhani wamelogwa, ndiyo maana nikachukua futi. Na ile kamba nayo, ukikosea kidogo inakurudishia mpira kwenye ugoko. Mtu anajifunza bila kufokewa. Wewe unapitisha mitatu?"

"Mara nyingine minne," alisema Gumba, na hapo ndipo alipoanza kulia, kwa hasira na kwa furaha, hata yeye asijue ipi imetangulia. Mama yake naye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya beseni.

Msichana alipofuta uso alikuwa mtu mwingine. "Usisaini," alisema.

"Na nafasi yako?"

"Nafasi yangu niache niitafute kwa mguu. Yeye anataka matundu mapana na kamba itoke. Anataka turubai la kupigia picha. Ukimpa hili letu, ukasaini kwamba ni lake, mimi sitakwenda Jumamosi wala siku nyingine."

Fundi akamtazama Kocha. Kocha akatazama barabarani. "Mimi nina watoto wawili na mshahara mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Sijasikia kitu hapa." Akaondoka na goti lake.

* * *

Ijumaa alfajiri fundi aliketi mashineni na karatasi ya Meneja. Pale chini palipoachwa mstari wa saini aliweka kigurudumu cha uzi, akazungushia chaki, akakata tundu la duara safi kabisa. Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na tabia zake, akalishonea ukingo kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyolingana. Akatia karatasi kwenye bahasha, akailamba, akampa mume.

Mume alikwenda kazini akipiga mluzi. Aliamini imesainiwa. Alipoiweka bahasha mezani kwa Meneja alisimama wima, mikono nyuma, akingoja asante. Meneja akaifungua, akainua karatasi usoni, na jicho lake moja likaonekana tunduni likimtazama mlinzi.

"Umeisoma hii?"

"Hapana, bosi."

"Mkeo ananichezea." Meneja akaiweka chini taratibu, akatoa ile orodha, akapiga mstari juu ya jina moja. Alipiga mara mbili, kwa rula. "Kesho binti yako asivuke lile geti. Akivuka, na wewe usirudi Jumatatu. Umeelewa?"

"Ndiyo, bosi."

Jioni hakula. Alikaa kwenye robota la turubai na sare yake, kofia mkononi. "Hukukata karatasi," alimwambia mkewe. "Umenikata mimi. Mbele ya mtu ambaye nimemwamkia miaka sita."

"Na yeye amekuitikia mara ngapi?"

Akaigeuza kofia mkononi.

"Mimi sikukata ili nikuumize," alisema mkewe, akaja kukaa karibu naye. "Nimechoka, Baba Gumba. Nimechoka kupekuliwa mkoba na mume wangu. Nimechoka kuulizwa nina shida gani. Ile kazi ni yangu, nimeikosea mwenyewe na nimeipatia mwenyewe. Sitaki iitwe ya mtu mwingine."

"Kesho msije," alisema. "Nawaomba."

"Tutakuja," alijibu Gumba kutoka kitandani.

* * *

Walikuja saa mbili. Msichana alikuwa amevaa kaptura na viatu vyake vilivyopakwa rangi, mama yake lile gauni la kutokea. Mwenzake wa zamu aliwaona kwa mbali, akakumbuka ghafla kwamba ana haja ya kwenda chooni.

"Hayumo kwenye orodha," alisema baba, akiitazama kufuli badala ya mtu.

"Najua," alisema Gumba. "Fungua, baba."

Kutoka uwanjani zilisikika filimbi na makofi. Mlinzi alikuwa na ufunguo mkononi. Alifikiria kodi, alifikiria sukari, alifikiria jinsi wanaume wa umri wake wanavyozunguka mitaani na vyeti kwenye mfuko wa plastiki wakitafuta kazi. Kisha akamwona binti yake akingoja, amesimama wima, mikono nyuma, vilevile anavyosimama yeye mbele ya meza ya Meneja, na hilo hakuweza kulivumilia. Akafungua. Hakufungua kale kamlango ka watembea kwa miguu. Alifungua geti lote la magari, pande mbili, kama anavyowafungulia wakurugenzi.

"Pita," alisema. "Piteni wote." Akaliacha wazi, akafuata nyuma yao.

Uwanjani kulikuwa na hema, viti vyenye vitambaa, na kwenye goli turubai jipya kutoka kiwanda cha kuchapa mabango. Lilikuwa na nembo ya kituo katikati na matundu ambayo mtu mzima angejitosa ndani akiwa na mwavuli. Wasichana walipiga, mipira ikapita, wageni wakapiga makofi. Wa mwisho alipomaliza, Gumba akaingia uwanjani, akaweka mpira kwenye alama.

"Huyo hayumo!" Meneja aliinuka.

"Mna haraka gani ya kumtoa?" aliuliza mgeni mmoja, mama mnene mwenye miwani, ambaye kwa dakika ishirini alikuwa akipiga miayo. "Mwacheni apige."

Gumba akatazama goli. "Hapa hata mama yangu anapitisha cherehani," alisema, na wasichana waliokuwa pembeni wakaangua kicheko. "Naomba nipige kwenye la kwetu."

"La kwenu lipi?" alifoka Meneja.

Mlinzi hakungoja jibu. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Alikwenda, akarudi na turubai begani, akalitundika mbele ya lile jipya, akafunga kila kamba kwa fundo la malori alilofundishwa na mkewe. Yule mwanamke wa dawa ya meno akachanua, meno nje, na pale hemani watu wakacheka kwa sauti.

Wakacheka zaidi pigo la kwanza lilipompata mwanamke yule kwenye jino. La pili liligonga kamba na kumrudia Gumba kwenye ugoko. Mtu akasema, "Basi, inatosha, asante." Gumba akauweka tena mpira, akarudi hatua nne, akavuta pumzi. La tatu likapita juu kushoto, bila kugusa. La nne likapita. La tano likagonga. La sita, la saba, la nane yakapita, na kufikia hapo hakuna aliyekuwa akicheka. Wasichana wa timu walikuwa wamesogea karibu, kwa sababu wao waliyajua matundu yale. La tisa likakosa. La kumi lilikwenda chini kulia, likapenya kwa kukwaruza kamba, na Kocha, ambaye hakuwa amesikia kitu, akapiga filimbi kwa nguvu zote.

Sita kwa kumi. Hajawahi kufikisha sita maishani mwake.

"Hiki kifaa ni kizuri," alisema mama wa miwani. "Kimebuniwa na nani?"

"Na kituo chetu," alijibu Meneja. "Bado tulikuwa tunakifanyia majaribio."

"Mwongo."

Watu waligeuka kutafuta aliyesema. Alikuwa mlinzi, na sauti ilikuwa imemtoka kubwa kuliko alivyotaka, lakini hakuirudisha.

"Wewe ni nani?" aliuliza yule mama.

Alivua kofia. "Mpaka dakika hii ni mlinzi wa hapa. Aliyekishona ni yule pale, mke wangu. Na huyu aliyepiga ni binti yetu." Akawaonyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, ili asikosewe mtu.

"Huna kazi," alisema Meneja.

"Najua, bosi. Nimejua tangu nilipofungua geti." Akaanza kufungua yale mafundo.

Kama kuna aliyetarajia kwamba mama wa miwani angesimama na kutenda haki, na angoje. Mama wa miwani alisema "Haya, haya," na wageni wakaenda kunywa chai. Orodha ikatangazwa, na jina lenye mistari miwili halikusomwa. Kocha alikuwa akitazama filimbi yake. Familia ile ikalikunja turubai, wakalibeba watatu, baba mbele, wakatoka kwa geti kubwa ambalo bado lilikuwa wazi.

* * *

Jumamosi usiku mwanamume alilala bila kusema neno. Jumapili alisema moja: "Kamba." Mkewe akauliza kamba za nini, naye akaeleza, na wakakaa mpaka jioni wakizisuka, Gumba akishika ncha.

Jumatatu saa kumi, saa ya mazoezi ya timu, turubai lilikuwa limetundikwa nje ya uzio wa waya wa kituo, kati ya nguzo ya taa na mti wa barabarani, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa na hati ya kumiliki. Gumba alipiga. Mpira uliopita tunduni uliupiga uzio, na uzio wote wa kituo ukalia, kutoka kona mpaka kona.

Mlinzi mpya alitoka kuuliza kwa idhini ya nani. "Upande huu wa waya ni wa barabara," mlinzi wa zamani alimwambia kwa upole. "Mimi nimeulinda miaka sita, naujua mpaka wake. Rudi usije ukaliacha geti wazi." Kijana wa watu akarudi.

Ndani, wasichana wa timu walikuwa wakipasha misuli moto huku shingo zimegeuka. Mmoja akaomba ruhusa ya kwenda kufuata mpira uliotoka, ingawa hakuna uliotoka. Hakurudi. Akaenda wa pili. Hatimaye Kocha alisimama peke yake katikati ya uwanja na koni zake za rangi. Alisimama muda mrefu, akiwaza watoto wawili na mshahara mmoja. Kisha akaziokota zile koni, moja baada ya nyingine, akazipachika pamoja, akatoka nazo getini akichechemea.

"Pangeni mstari," alisema. "Mguu wa kushoto kwanza. Wewe, Gumba, uanze, uwaonyeshe."

Fundi alikuwa chini ya mti na sindano yake kubwa, akirekebisha pete moja ya kamba iliyolegea. Hakuinua kichwa, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka kumpa mtu faida.

Hapo ndipo Meneja alipotoka mwenyewe, mbio, viatu vyake vikijaa vumbi. Alipita katikati ya mstari wa wasichana, akaenda kusimama mbele ya turubai, mgongo kwenye meno ya yule mwanamke, akatanua mikono.

"Nani amewaruhusu? Nauliza! Kocha, umeona hasara unayoitafuta? Na nyinyi, mnajua mnaongea na nani?"

Gumba aliweka mpira chini, akauzungusha kidogo mpaka ukatulia vile alivyotaka. Akarudi nyuma hatua nne.

"Sogea, mzee," alisema. "Umeziba tundu."

Meneja alimtazama baba yake Gumba, akitafuta yule mtu mtiifu. Akamtazama Kocha. Akautazama mpira, na mguu uliokuwa nyuma yake.

Akasogea.